Ukiita sinf (fanksheni ya C ya sine kwa float) ndani ya kerneli ya CUDA, yaani fanksheni inayoendeshwa kwenye GPU ya NVIDIA, kompaila inakupa nini?

Kwenye programu ya kawaida ya C, kompaila huacha jina `sinf` wazi, na linka ndiyo inayokuja kulijaza kutoka libm, maktaba ya hesabu ya C. Kwenye GPU hakuna libm inayosubiri. NVIDIA huweka fanksheni za hesabu ndani ya `libdevice.10.bc`, faili la bitikodi (msimbo wa kati) ya LLVM. Kompaila hugeuza `sinf` kuwa `__nv_sinf`, kisha humwaga mwili wake wote ndani ya kerneli yako kabla ya kutoa PTX, lugha ya kati ya GPU za NVIDIA. Kwa AMD mambo ni hayo hayo, ila jina ni `__ocml_sin_f32`.

Ndiyo maana mstari mmoja unaweza kunenepesha kerneli. `sinf` ina njia mbili: ya haraka, na ya polepole kwa thamani zinazozidi takribani 105615. Njia ya polepole huhitaji kumbukumbu ya lokali (ya uzi mmoja mmoja). Kompaili kwa nvcc ukiweka `-Xptxas -v`. Ukiona `28 bytes stack frame` na hukutangaza safu yoyote, mshuku `sinf`. Uzi mmoja tu ukiingia huko, wenzake kwenye kundi la nyuzi 32 wanausubiri. Punguza pembe kabla ya kuita, au tumia `sinpif` kama unazidisha kwa pai.

Kosa linaloumiza zaidi ni dogo kwa macho: `sin(x * 2.0)`. Hata kama `x` ni float, hiyo 2.0 ni double, hivyo unapewa sine ya biti 64. Kadi za RTX 30 na 40 hufanya hesabu za biti 64 kwa kasi ya 1/64 ya zile za biti 32. Andika `2.0f`.

Wengi wakibanwa na kasi hukimbilia swichi ya kompaila `-use_fast_math`. Sikushauri uiwashe kwa mradi mzima. Inageuza `sinf` kuwa `__sinf`, ambayo usahihi wake umehakikishwa kati ya -pai na pai tu, na hapo hapo inalegeza usahihi wa mgawanyo na kipeuo cha pili, na kufanya namba ndogo mno kuwa sifuri. Mgawanyo wenye kigawanyo kati ya 2^126 na 2^128 unarudisha 0 bila onyo lolote. Andika `__sinf` kwa mkono pale tu unapojua pembe zako.

`printf` nayo si ile uliyoizoea. Usipobadilisha kitu, huandika kwenye bafa ya MB 1 inayozunguka. Ikijaa, maandishi ya zamani yanafutwa. Usipoita `cudaDeviceSynchronize()` kabla programu haijaisha, huenda usione kitu. `malloc` ya ndani ya kerneli huanza na MB 8 tu, na zikiisha inarudisha NULL, kwa hiyo kagua kila mara. Ongeza kwa `cudaDeviceSetLimit` kabla ya kuzindua kerneli inayoitumia.

Fanksheni nyingi za `std::` zitakataliwa kwa sababu ni `__host__`, yaani za CPU tu. Kwa zile za constexpr (zinazoweza kukokotolewa wakati wa kukompaili) kama `std::max`, tumia `--expt-relaxed-constexpr`. La sivyo, chukua `cuda::std::`, toleo la NVIDIA linalofanya kazi pia kwenye GPU.

Ukibaki na shaka, fungua msimbo wa mwisho:

`cuobjdump -sass programu | grep -E "MUFU.SIN|DMUL|DFMA"`

MUFU.SIN ni sine ya haraka. DMUL na DFMA ni amri za hesabu za biti 64; ukiziona kwenye kerneli ya float, huenda kuna `.0` mahali iliyokosa `f`.