Msimu wa kwanza wa skii ukitokea Nairobi: linda masaa yako ya theluji

Wadogo zangu mnaoanza skii za mbio ndefu hapa Nairobi, meseji zenu nimezisoma na karibu zote zinauliza ninunue skii gani. Hilo swali lina wakati wake. La kwanza ni hili: msimu wako wa kwanza utakupa masaa mangapi juu ya theluji? Ju pumzi tayari unayo, umekulia mita kama 1,700 juu ya bahari, umekimbia Karura, umepanda Ngong Hills hadi Kona Baridi na kurudi, moyo uko sawa na miguu iko sawa. Yule Mnorway mtakayesimama naye pale mwanzo alivishwa skii akiwa mtoto mdogo kabisa na hajawahi kuziacha. Kinachowatenganisha ni masaa, na masaa hayo kwetu ni machache halafu ni ghali, kwa hivyo kila uamuzi wa msimu, visa, tiketi, mbio zipi, unalala wapi, uupime hivi tu: unaniongezea masaa ya theluji ama unayala?

Mnajua hadithi ya mzee Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akaanza skii 1996, akapelekwa Finland kufunzwa, na 1998 akashiriki kilomita 10 kule Nagano, Mkenya wa kwanza kwa Olimpiki za baridi. Bjørn Dæhlie alishinda kwa 27:24.5 halafu akamngoja mzee Boit pale mwisho amkumbatie, na Boit akamaliza kwa 47:25.5. Watu husimulia kumbatio, mimi huangalia zile dakika 20. Huyo ni mtu wa mbio kutoka Kenya, pumzi haikuwa shida yake hata kidogo, alikuwa amepata misimu miwili tu ya theluji dhidi ya mtu wa maisha mazima. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba alirudi tena 2002 na 2006. Hata dada yetu Sabrina Simader aliyetuwakilisha Pyeongchang 2018, yeye ni wa skii za kuteremka mlima, alizaliwa Kilifi lakini alikulia Austria, milima ikiwa pale pale. Masaa.

Sasa hapa nyumbani kabla hujapanda ndege. Rola skii, yaani skii fupi zenye magurudumu, ndo shule yako na zinafika karibu sana na theluji, lakini hazina breki, hilo liingie kichwani kabla hujatoka nazo getini. Usiende nazo barabara ya matatu hata kama ni asubuhi na mapema. Tafuta barabara za ndani za estate, ama parking ya ofisi Jumapili, ongea na askari wa geti vizuri na umweleze ni nini unafanya, wengi watakuelewa wakikuzoea. Vaa helmeti, vaa reflekta. Chukua magurudumu ya polepole, yale ya haraka yanakudanganya ju yanateleza yenyewe na unafika Ulaya ukidhani unajua kusukuma. Ncha za fimbo zinoe kila mara na tupa ya almasi, tupa ya kawaida haiumi ile chuma, na ncha butu inateleza kwa lami hadi inakuharibia bega. Mabega na tumbo ndo mahali wakimbiaji wetu wako chini kabisa. Funga tyubu ya zamani ya baiskeli kwa nguzo, simama nayo uivute kwa mikono miwili ukiinama kama unasukuma fimbo, seti ndefu, mara tatu kwa wiki, kabla ya mwezi kuisha utaona tofauti. Na kama una nauli ya kufika Panari pale Mombasa Road, nenda kwa barafu wanapochezea Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu. Barafu si theluji, lakini inakufunza kusimama kwa mguu mmoja na kutulia juu yake, na hicho ndo kitu kigumu zaidi kwa mtu wa mbio. Mkimbiaji akikanyaga tu anataka kuondoka, kwa skii ukikanyaga unangoja, unaacha mguu uende, halafu ndo unasukuma mwingine.

Hapa kwa visa naomba msome polepole. Visa ya kawaida ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, inakupa siku 90 ndani ya siku 180, na msimu wa mbio unaanza mwisho wa Novemba hadi Machi, kwa hivyo hesabu haitoshi toka mwanzo, utake usitake. Wengi wanakimbilia Novemba ju mashindano makubwa yanafunguliwa Ruka kule Finland na wanataka kuwa huko wenzao wakianza. Kwa mgeni hapo unapoteza. Novemba theluji iko sehemu chache, nyingine ni ile iliyohifadhiwa toka mwaka uliopita, unazunguka kanjia kafupi na watu mia na mara nyingi unalipia, na ikifika Desemba huko Lapland, kaskazini kabisa mwa Finland, kuna wiki jua halichomozi kabisa, unafanya mazoezi chini ya taa. Ukiniuliza mimi, siku zako 90 anza kuzihesabu Januari. Theluji imejaa kila mahali, njia ni ndefu, mwanga unaongezeka kila wiki, na Machi kule juu kaskazini unaeza kutoka asubuhi na urudi tena jioni bado kuna jua. Siku zile zile 90, masaa karibu mara mbili.

Ukiwa bado una nguvu na pesa, siku za Schengen zikikaribia kuisha kuna mbio za Kombe la Balkan, na baadhi hufanyika nchi zilizo nje ya Schengen kama Serbia, Bosnia na Uturuki. Hizo nazo zina masharti yao ya kuingia, kwa hivyo zipange ukiwa bado Nairobi. Wachezaji wengi wa nchi ndogo hukutana huko, utapata watu wa kiwango chako na utafurahi.

Bima, visa inataka isiyopungua euro 30,000, lakini soma ndani, bima nyingi za safari zinakataa ajali ya mashindano. Omba iandikwe wazi kwamba unashindana skii.

Tukuje kwa pointi, ju hapa ndo naona vijana wanachanganyikiwa. Pointi za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, ndo zinaonyesha kiwango chako, na ukiwa na chache ndo uko mbele. Wanachukua muda wako, wanagawanya kwa muda wa mshindi, wanatoa moja, wanazidisha na namba ya aina ya mbio, halafu wanaongeza nyongeza ya mbio hiyo, ambayo inategemea ubora wa wale waliomaliza mbele. Sasa tazama hiyo namba. Mbio za kuachiliwa mmoja mmoja ni 800. Za kuanza pamoja ni 1,400. Tuseme mshindi ametumia dakika 25 na wewe 32, kwa kuachiliwa mmoja mmoja hiyo ni pointi 224 kabla ya nyongeza, kwa kuanza pamoja ni 392. Miguu ile ile, pengo lile lile! Na tena kwa mbio za kuanza pamoja kwa njia ya mizunguko, mara nyingi ukipitwa mzunguko mzima unatolewa nje na hupati kitu. Kwa hivyo mwaka wa kwanza tafuta mbio za kuachiliwa mmoja mmoja, kilomita 10, na usiogope mbio zenye watu wakali, ju wakiwa wakali nyongeza inakuwa ndogo. Mizani ya mwisho ni wastani wa matokeo yako 5 bora ndani ya mwaka, maana yake huhitaji mbio ishirini, unahitaji tano nzuri. Mbio moja inakula siku tatu, ya kusafiri, ya kukimbia, ya kurudi, na siku hizo ungekuwa njiani unajifunza. Mbio moja kwa wiki inatosha kabisa, na wiki ya kwanza usiandikishe mbio yoyote, acha mwili uzoee.

Na usisahau huwezi kujiandikisha mwenyewe, jina linapelekwa na shirikisho la nchi. Watumie kalenda yako mapema, tarehe zote, halafu piga simu kwa heshima ukumbushe, halafu kumbusha tena. Wazee wetu wa mashirikisho wana mambo mengi, ukinyamaza tarehe inapita.

Sasa ndo skii. Za mtumba ziko sawa kabisa kwa kuanzia, lakini toka msimu wa 2023/24 FIS imepiga marufuku nta yenye fluorini, ile ya kupaka chini ya skii iteleze, na wanapima skii kwa mashine pale mwanzo wa mbio. Skii ya mtumba inaeza kuwa imepakwa hiyo nta miaka yote na mabaki bado yamo, ukipatikana unaondolewa hata kama hukuijua. Isafishe na dawa ya kusafishia, piga nta safi ya moto, kwangua, rudia mara kadhaa, na brashi zako na pasi yako usimkopeshe mtu wala usikope. Kwa mtindo wa klasiki, ule wa skii kwenda sambamba ndani ya mifereji, nawashauri mchukue skii zenye ngozi chini ya mguu, yaani utepe wa manyoya unaoshika theluji usirudi nyuma. Nta ya kushika, ile inayofanya kazi hiyo hiyo bila ngozi, ina maarifa yake na wale wenzetu wana mafundi, wewe uko peke yako na baridi na jioni ni fupi, ukikaa masaa mawili ukitafuta nta ya sawa hayo ni masaa mawili ya njia.

Nguo za ndani za joto usinunue Ulaya. Amka Gikomba mapema siku ya kufungua mabelo, ama pitia Toi, sufu ya merino iko huko kwa bei ya nauli na wauzaji wengi hata hawaitofautishi na sweta ya kawaida. Tafuta glavu za vidole vyote pamoja, zile za vidole tofauti baridi inazipita.

Afya ndo mwizi mkubwa wa masaa. Hewa ya huko ni baridi na ni kavu, na ukiivuta kwa nguvu nusu saa kifua kinaungua, unakohoa jioni nzima baada ya mbio. Waskii wengi hata wa huko wana pumu kwa sababu hiyo. Vaa buff, kile kitambaa cha shingoni, mdomoni wakati wa mazoezi, pasha mwili pole pole, na ukimaliza mbio badilisha nguo iliyolowa hapo hapo kabla ya kupiga picha, kabla ya kusalimia mtu. FIS wanaahirisha mbio baridi ikipita −20, lakini mazoezini hakuna wa kukuzuia, ni wewe. Siku kama hiyo fanya kazi ya ndani.

Na ukishikwa na mafua usimeze dawa uliyobeba toka kemisti ya mtaani bila kuangalia. Pseudoephedrine iko kwa dawa nyingi za mafua na ni marufuku wakati wa mashindano ikipita kiwango. Kikohozi kikikaa mwone daktari, usikope pampu ya mwenzako, ju hata salbutamol ina kipimo chake, mikrogramu 1,600 kwa masaa 24 na isizidi 600 kwa masaa 8 yoyote. Miraa pia, hili nalisema wazi ju najua tunakotoka, ina cathine na cathinone na zote ziko kwa orodha ya marufuku wakati wa mashindano. Nenda ADAK, shirika letu la kupambana na dawa haramu michezoni, uulize maswali yako yote, hakuna swali la kijinga hapo. Ukiwekwa kwa orodha ya wanaopimwa utatakiwa kusema kila siku utakuwa wapi kwa dakika 60, na makosa matatu ndani ya miezi 12, iwe kukosekana ama kutojaza vizuri, ni kesi sawa na ya dawa. Ukibadilisha nyumba ya kulala kule Finland badilisha kwa simu usiku huo huo.

Beba unga wa uji. Nyama na maziwa hairuhusiwi kuingia nazo Ulaya, kwa hivyo mursik ibaki, lakini unga unapita, na uji wa wimbi saa kumi na mbili asubuhi kukiwa giza nje unakuweka sawa kwa mwili na kwa roho. Upweke upo, tena hasa wiki ya tatu na ya nne. Finland wakati huo iko saa moja tu nyuma yetu, kwa hivyo weka saa ya kuongea na mama kila siku na uishike kama zoezi.

Ukirudi Aprili pumzika wiki mbili bila hatia yoyote. Halafu Mei andikia shirikisho kuhusu laisensi, ju mwaka wa FIS unaanza 1 Julai hadi 30 Juni. Ombi la visa linakubaliwa hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hivyo kama unaenda Januari, Julai uwe na karatasi zako mkononi, barua ya klabu inayokupokea, ya mahali pa kulala, bima, na pasipoti yenye kurasa mbili tupu na inayoishi angalau miezi 3 baada ya siku ya kurudi.