Glavu za kumwagia tangi la choo cha gari
Mdogo wangu, umeuliza kama glavu nyembamba zinatosha kumwagia tangi la choo la magari ya wageni wanaopiga kambi hapo kwako Bagamoyo. Hazitoshi, huchanika upesi. Nunua za mpira mzito zinazokaribia kiwiko, uzitenge kwa kazi hiyo tu. Ukiwa umezivaa usishike mpira wa maji ya kunywa, simu wala kitasa. Hapo ndipo wengi hukosea, mkono umekingwa lakini uchafu unatembea. Zioshe kwa sabuni kabla ya kuzivua, kisha nawa mikono kwa sekunde 20. Jiki usiichanganye na mkojo wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya sumu. Na tafadhali sana, mwaga kwenye shimo la choo, si mtaroni: maji ya mtaro huishia baharini, wanakooga watoto.