Diski iliingia vizuri, mbona ilipasuka?

SWALI

Shikamoo Mzee. Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti hapa Morogoro, huu mwaka wa pili. Grenda yetu kubwa ya inchi 9 iliungua mwezi uliopita, bosi akatuletea ndogo mpya, ya inchi 4 na nusu. Mwenzangu hakuwahi kuishika ndogo. Jumatano tulikuwa tunakata chaneli ya inchi 6, kile chuma chenye umbo la U, akaona diski ndogo haifiki upande wa pili. Akafungua kava linalokinga diski, akachukua diski ya inchi 9 iliyobaki stoo, ikaingia barabara. Nikamwambia tumsubiri bosi. Akasema "zote grenda hizi", akawasha. Alipogusa chuma tu, ukalia mlio kama bunduki. Kipande kimoja kilimchana mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Kingine kilinipita sikioni kikakita kwenye mlango wa stoo.

Tulimfunga kitambaa, tukamnunulia dawa za maumivu. Bosi anasema ajali haina kinga, yaishe, ila bei ya grenda atakatwa jamaa kwenye mshahara. Jamaa naye ananiomba niseme diski ilikuwa mbovu. Kwani diski ikiingia vizuri, inapasukaje? Na mimi niseme nini?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na zote mbili nimeishia kwenye kile kitambaa. Umeniandikia habari za diski, za bosi na za mshahara, lakini hujaniambia kama mwenzako ameonwa na daktari. Mpeleke leo. Mwambieni daktari waziwazi kwamba ni kipande cha diski ya grenda, kwa sababu diski ile ina wavu wa nyuzi ndani yake, na nyuzi na chenga zake hubaki kwenye nyama hata kidonda kikiziba juu. Achomwe sindano ya pepopunda. Hata kama siku zimepita, bado aende. Na kabla hamjatoka hapo karakana, mwambie akunje vidole vyote vya mkono ule, kimoja kimoja, kisha avinyooshe. Kama kuna kinachogoma au kina ganzi, huenda kano au mshipa wa fahamu umekatwa, na hiyo haingoji mwisho wa mwezi.

Sasa swali lako. Tundu la katikati la diski ya inchi 9 na la inchi 4 na nusu mara nyingi ni lile lile, milimita 22.23. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa: mkono unasikia diski imekaa, nati imebana, na mtu anaona ameruhusiwa. Kinachozuia diski kubwa isiingie kwenye mashine ndogo ni kava peke yake, na mwenzako alilifungua.

Chukua grenda yenu mpya ukisome kibati chake. Nyingi za ukubwa huo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Halafu soma karatasi ya diski ya inchi 9: utakuta 6,650, na pembeni yake mita 80 kwa sekunde. Hicho ndicho kikomo chake. Diski kubwa huhitaji kuzunguka polepole, kwa sababu ukingo wake una safari ndefu kila mzunguko. Ukiizungusha mara 11,000, ukingo unakimbia karibu mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Na nguvu inayoivuta diski ikimbilie nje haiongezeki sawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hesabu ya hapo kwenu, diski ilibebeshwa karibu mara 2.7 ya kikomo chake, kisha ikasukumwa kwenye chuma.

Kwa hiyo usiseme diski ilikuwa mbovu. Inawezekana ilikuwa imezeeka pia. Tazama ile pete ya chuma katikati, diski nyingi za kukatia zina mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, na unyevu wa stoo huidhoofisha gundi inayoshika chenga. Lakini hata ingetoka dukani asubuhi ile ile, haikuwa na haki ya kufungwa kwenye mashine ile. Ukisema ilikuwa mbovu, bosi atanunua diski mpya ya inchi 9, na grenda ndogo bado iko mezani.

Nilipokuwa saidia fundi katika karakana moja Mwanza, fundi aliyenifundisha kushika grenda alitoa kava kwa sababu lilimzuia kuingia kwenye kona. Kona moja tu, alisema. Diski ilibana ikapasuka, na jicho lake la kulia likaenda palepale. Nilimshika kichwa kwenye pikapu hadi hospitali. Ninachokiona mpaka leo ni kidole gumba chake, njia nzima, kikisukuma hewani kutafuta swichi azime mashine tuliyokwishaiacha karakana. Ndiyo maana neno la bosi wako limenichoma. Ajali hii kinga ilikuwa nayo. Ilikuwa imewekwa juu ya meza pamoja na skrubu zake.

Simwachi mwenzako. Alionywa, akawasha, akakuweka na wewe katika hatari. Hilo mwambie usoni, mkiwa wawili. Lakini bosi alileta mashine mpya bila kumwelekeza mtu, na akaacha stooni diski za mashine iliyokufa. Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi bosi ruhusa ya kukata fedha ya uharibifu kwa neno la mdomo. Lazima aandike chanzo, kiasi na hesabu yake, ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga, na mfanyakazi akubali kwa maandishi. Hata akikubali, makato hayazidi robo ya mshahara. Mwenzako asisaini karatasi yoyote kwa hofu. Tena ameumia kazini: kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia, na bosi anapaswa kuitoa taarifa ya ajali hii. "Yaishe" haimtibu mtu.

Wewe sema ulichokiona, kama ulivyoniandikia mimi, bila kuongeza wala kupunguza. Ukisema hivyo, makosa ya wote wawili yataonekana, na ndivyo yalivyo.

Na chaneli ile, mwanangu, grenda ndogo inaikata vizuri kabisa. Piga mstari kwa skwea pande zote tatu. Kata mbavu moja, kata ya pili, kisha geuza umalizie mgongo. Kava liwepo, miwani iwepo, mpini wa pembeni wa grenda uwe umefungwa, na wewe usisimame kwenye mstari wa diski. Diski mpya iache izunguke bure kwa dakika moja, ukiielekeza pasipo na mtu, ndipo uguse chuma. Dakika tano zaidi, labda.

Kile kipande kilichokita mlangoni msikitupe. Kitoe kwa koleo, kiweke na vipande vingine na lile kava, halafu umwite bosi asome mwenyewe namba zilizobaki kwenye karatasi na zile za kwenye kibati. Diski zote za inchi 9 zitoke stoo siku hiyo hiyo.

Niandikie tena uniambie vidole vya mwenzako vimeonekanaje hospitali.