Maswali yenu: jalidi imewahi na boga bado linakua

Safari hii maswali karibu yote ni ya wale wa maboga makubwa, yale ya mashindano. Msimu unaisha, usiku umeanza kuwa na baridi ya kweli, na kila mtu anaogopa jalidi, yaani ule umande unaoganda ukawa mweupe kwenye majani alfajiri. Nimechukua machache, mengine yanafanana.

Boga langu lina kama kilo 300, utabiri unasema usiku wa leo itashuka hadi digrii 1. Nikilifunika boga tu si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndo wengi wanapokosea. Boga lenyewe ni gumu kuliko unavyodhani, hizo kilo 300 sehemu kubwa ni maji na yameshinda juani kutwa nzima, hayapoi haraka, kwa hiyo ikishuka kidogo chini ya sifuri saa moja hivi boga linaweza lisijue hata kama kuna kitu kimepita. Tatizo ni majani. Jani la boga ni pana, laini, limejaa maji, likipigwa na jalidi linaungua, asubuhi unalikuta limelegea na jua likitoka linageuka jeusi kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika jikoni. Na majani yakifa boga halina chakula tena, manake sukari yote inayolijaza inatengenezwa huko.

Alafu hiyo digrii 1 usiiamini sana. Joto la utabiri linapimwa hewani, juu ya usawa wa majani yako, na usiku ukiwa hauna upepo wala mawingu huku chini kunakuwa na baridi zaidi kwa digrii kadhaa. Mimi nikisikia 3 na anga ni jeupe nafunika, sisubiri kuambiwa sifuri.

Nina turubai na mablanketi ya zamani, kipi bora?

Blanketi. Au shuka, au pazia lililochoka, au kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea kama unacho. Nailoni na turubai zikigusa jani baridi inapita tu, msimu mmoja nilitandaza nailoni juu ya shamba zima nikaenda kulala nikiwa na raha zangu, asubuhi kila jani lililoguswa lilikuwa limeungua na yale yaliyokuwa na nafasi kidogo yalikuwa mazima. Turubai weka juu ya blanketi kama kuna umande mwingi, maana blanketi likilowa linakuwa zito na linavunja vikonyo vya majani. Ukiweza chomeka vijiti au mabomba yaliyopindwa kama upinde ili kitambaa kisilale juu ya majani.

Ila kubwa kuliko aina ya kitambaa ni hili: blanketi halitengenezi joto. Joto linatoka ardhini, udongo umelihifadhi mchana na usiku unaliachia, kazi ya blanketi ni kulizuia lisipae. Kwa hiyo kitambaa kifike chini pande zote, ukibane kwa mawe, na ukitandaze kabla jua halijazama, sio saa 4 usiku na tochi mkononi wakati joto lishaondoka. Asubuhi jalidi ikiyeyuka funua, ukisahau jua litayapika hayohayo uliyoyaokoa. Na kama mmea umetambaa kila upande na mablanketi hayatoshi (hayatoshi kamwe), anza na shina kuu na majani yaliyo karibu na boga, yale ya mbali uyaachie Mungu.

Nimwagilie maji kabla ya jalidi au maji yanaongeza baridi?

Mwagilia udongo, mapema mchana, majani yawe yamekauka ikifika jioni. Udongo wenye unyevu unabeba joto vizuri kuliko udongo mkavu uliojaa hewa. Kama ulitandaza nyasi kavu chini ya mmea zisogeze pembeni siku hiyo, zinalifungia joto huko chini usikokuhitaji.

Kuhusu kunyunyizia usiku kucha kama wakulima wa matunda: inafanya kazi kweli, maji yanapoganda yanatoa joto, lakini ukianza huruhusiwi kusimama mpaka barafu iyeyuke, pampu ikizima katikati unakuwa umeharibu zaidi ya asiyefanya kitu. Kwa majani mapana hivi barafu nayo ni mzigo. Sishauri.

Naweza kuweka balbu au hita chini ya blanketi?

Balbu ya zamani inayochoma mkono inasaidia, za LED hazina joto la maana. Hita chini ya kitambaa hapana, moto ukishika utapoteza boga na blanketi. Afadhali madumu ya maji yaliyokaa juani, yaingize kati ya majani jioni.

Inafaa kweli kuhangaika? Mwisho wa msimu boga si limeshaacha kukua?

Swali zuri. Katikati ya msimu boga zuri linaongeza hata kilo 15 hadi 20 kwa siku, mwishoni linashuka mpaka kilo moja mbili au chini ya hapo. Ila jalidi ya kwanza mara nyingi inakuja peke yake, usiku mmoja au mbili, halafu hali inatulia wiki nzima au zaidi, na aliyefunika usiku ule mmoja anaendelea kuhesabu kilo wakati wenzake wameshakata. Travis Gienger aliyevunja rekodi 2023 kwa boga la kilo 1,247 analimia Minnesota, Marekani, na huko baridi sio ya kuuliza.

Pima boga kwa futi ya fundi nguo kila jioni. Siku 3 au 4 kipimo hakijasogea na usiku zote ni za baridi, basi acha kukimbizana na majani.

Majani yote yameungua jana. Nikate leo leo?

Subiri siku mbili tatu kwanza, yale ya chini yaliyofichwa na wenzao mara nyingi yanabaki kijani, yafunike hayo. Kama kweli hakuna lililobaki, boga halitaongeza kitu, na sasa halina paa, kwa hiyo lifunike lenyewe kila usiku. Likiganda ngozi inakuwa na madoa ya majimaji, hayo yataoza, na boga lililooza au lenye tundu halipokelewi kwenye mizani ya mashindano. Ukikata acha kikonyo kirefu, linyanyue kwa mikanda na sio kwa kikonyo, liweke pakavu penye digrii kama 10 hadi 15. Na usikate mapema bila sababu, likishatoka kwenye shina linaanza kupoteza maji, na hayo maji ndo kilo zako.