Baridi, betri na breki isiyoshika: gari la umeme Minneapolis

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Minneapolis, Marekani, nina Tesla Model 3 Long Range ya 2019, niliinunua mtumba. Tangu baridi ianze, asubuhi nikiachia mafuta gari halipungui mwendo kama zamani, linaserereka tu. Juzi nusura nimgonge mtu kwenye taa. Mume wangu anasema mota imechoka. Jirani akaniambia nipashe betri kabla ya kutoka. Nimepasha dakika kumi, sikuona tofauti, na chaji ikapungua ingawa gari lilikuwa limechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Tatizo ni nini?

JIBU: Marahaba, dada. Mota haina kosa. (Nami bado nasema "kuachia mafuta" kwa gari lisilo na tone la mafuta.)

Ukiachia pedali, mota hugeuka jenereta na kusukuma umeme kwenye betri. Ule uzito unaousikia gari likipungua mwendo ndio kuchaji kwenyewe, tena kuchaji kwa nguvu: kilowati 60 na zaidi kwa sekunde chache. Sasa, ndani ya seli za betri kuna grafaiti (kaboni kama ile ya penseli) yenye matabaka kama chapati, na lithiamu inayobeba chaji inapaswa kujipenyeza katikati ya matabaka hayo. Kwenye baridi inapenya polepole mno. Ukiisukuma kwa nguvu inarundikana nje, inaganda kuwa metali, na sehemu ya metali hiyo hairudi tena kazini. Ikizidi inaweza hata kutoboa utando unaotenganisha pande mbili za seli na kuleta shoti. Kompyuta ya gari inalijua hilo, ndiyo maana inakataa kupokea. Kutoa umeme hakuna hatari hiyo, kwa hiyo gari bado linachomoka vizuri ukikanyaga, na wewe unadhani kilichoharibika ni upande wa breki.

Kuhusu dakika kumi. Betri yako ina karibu kilo 480. Kuipandisha nyuzi 20 za Selsiasi kunahitaji, kwa hesabu ya haraka, uniti 2.7 za umeme (kilowati-saa), bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Soketi yako ya volti 120 inatoa takriban kilowati 1.4. Ingekuchukua karibu saa mbili kwa betri pekee, na hapo hita ya ndani nayo inadai chake. Pengo hilo gari linaliziba kwa kuchota chaji yake lenyewe. Ndiyo maana ilipungua.

Hapa natofautiana kidogo na jirani yako. Gari la kilo 1,900 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa lina nishati ya uniti 0.05 tu ya kurudisha. Yaani ungepaswa kusimama zaidi ya mara 50 ili kufidia zile 2.7. Usipashe betri kwa tamaa ya kurudishiwa umeme. Pasha ili kioo kiyeyuke barafu, ukae kwenye kiti cha moto, na gari lishike vile mguu wako ulivyozoea. Liache limechomekwa usiku kucha, panga saa ya kuondoka kwenye programu ya gari iliyo kwenye simu ili chaji imalizike karibu na safari, kisha washa hita dakika 30 hadi 45 kabla. Ukiweza, mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee laini ya volti 240. Hiyo itakusaidia kuliko ushauri wangu wote.

Kwa usalama, pedali ya breki ya gari lako inabana diski moja kwa moja, haitegemei joto la betri. Itumie. Kabla hujaondoka tazama mstari wa umeme kwenye skrini: ukiona vidoti upande wa kurudisha, au alama ya theluji ya buluu, acha nafasi kubwa mbele yako. Kwenye mipangilio kuna pia chaguo la gari kujiongezea breki lenyewe pale urejeshaji unapopungua. Liwashe.

Vidoti hivyo hutokea pia betri ikijaa pomoni, hata penye joto. Mtu akijaza chaji Lushoto, milimani Tanzania, na kuteremka Mombo atakutana navyo bila theluji yoyote.

Ila ukiendesha barabara kuu kwa saa nzima, chaji iko chini ya asilimia 80, na vidoti bado vipo, lipeleke gereji. Hapo mumeo atakuwa na hoja.