Diski inakata kushoto kila mara

Ndugu, nimekuelewa: unatumia mkono wa kulia, na ukicheza gofu ya diski (kurusha kisahani hadi kwenye kikapu) pale bustani ya Kaposia, Minnesota, kila diski inapanda, inakata kushoto, inaishia vichakani. Hiyo draiva (diski ya kurusha mbali) ya kasi 12, yaani namba ya kasi ya diski yenyewe, iache nyumbani kwanza. Bila mrusho wa nguvu sana hainyooki, na Kaposia miti haina huruma. Nunua pata (diski ya polepole, ya kulenga kikapu) ya kasi 2 au 3, gramu 170 hivi. Ukingo wa mbele ukiinuka hata kidogo, diski hupunguza mwendo hewani kisha huanguka kushoto. Ili ukingo huo ushuke, inamisha kifundo cha mkono kama unamimina chai. Kukiwa na mtu mbele, subiri apite. Kiwiko kikiuma zaidi ya wiki, acha kurusha, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.