Mtu mjue saa nne asubuhi

Mwanangu Zawadi,

Umeniuliza uchukue zamu ipi kazini, ya saa mbili asubuhi kama zamani au hii mpya ya saa tano mpaka saa mbili usiku, ukwepe foleni. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, nikaishia kuiwaza ile DCM, daladala niliyokuwa nikiendesha hapa Dar.

Wajua msemo wangu: mtu mjue saa nne asubuhi. Saa moja hakuna mtu, kuna abiria. Wanaingilia madirishani, konda anashindilia. Hesabu ya bosi, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, tuliipata hapo, na tena jioni kuanzia saa kumi. Katikati tunakula mihogo kituoni, kisha Kimara hadi Posta na watu saba, mafuta yanateketea. Mchana haulipi, sikatai. Lakini mchana ndipo bibi mwenye kuku anauliza pa kushukia, na unamsubiri avuke.

Ile asubuhi ya Baruti mama yako hapendi niitaje. Mlijaa kituoni na sare zenu, na nauli ya mwanafunzi kwa konda ni hasara. Akaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Nikatia gia. Kwenye kioo cha kushoto nikaona begi la bluu, zipu niliyoishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Nyuma honi, mbele trafiki. Nisingeweza kusimama. Hapana, ningeweza. Jioni ukasema tu kwamba mlichapwa kwa kuchelewa, ukaomba ugali.

Likizo ndiyo nikakupakia kiti cha mbele, saa tano, gari tupu. Ukaita vituo wewe: Korogwe! Shekilango! Mpaka Magomeni Mapipa sauti imekauka, na abiria wanne wanacheka, hata konda.

Sasa zamu. Ukichukua hii mpya, asubuhi utakaa kitini kama mtu, hilo hakuna ubishi. Kurudi je? Saa mbili usiku Kimara bado haijatulia, na mabasi ya mwendokasi nayo, tangu yaanze 2016 sisi wa daladala tukaondolewa njia ile, hujaona watu wanavyobanana? Na wanao, nani atawapa chakula cha jioni? Mama yako kanikataza kukuamulia, basi naacha. Ungemuuliza dereva badala ya baba, angekujibu upesi.

Ukichukua ya saa tano, pitia hapa saa nne. Chai nitakuwa nimechemsha.

Baba yako